Mwizi Mwenye Godoro Kichwani

Geti la mabweni, pale chuoni Suva, lilikuwa la Torika. Halikuwa lake kwa karatasi. Lilikuwa lake kama jiko linavyokuwa la yule anayepikia humo. Alijua bawaba ipi hulia mvua inaponyesha, na Suva mvua haina haya, hunyesha hata jua likiwa limesimama pembeni likitazama. Kila asubuhi alipoingia zamu alifagia kwanza kibanda cha walinzi, akatundika mwavuli, akaweka juu ya rafu bakuli lake la chakula lenye mfuniko wa buluu, ndani magimbi ya kuchemsha na samaki wa kopo. Ndipo akatoka kusimama getini, mikono nyuma, kama aliyeambiwa kwamba mfalme anapita leo.

Alikuwa mtu wa kisiwani, wa kijiji cha Naivilavila, na mjini aliletwa na cherehani. Alishona sare za watoto wa shule wa nchi za watu kwenye kiwanda kimoja kule Walu Bay mpaka Ijumaa moja wafanyakazi walipokuta kufuli mlangoni na tajiri hayupo. Baada ya hapo aliuza mihogo kando ya barabara, akamzika mume, akamwoza binti yake Lautoka. Mtu wa kanisani kwao alipomwambia kwamba chuo kinatafuta walinzi wanawake, alicheka, kisha akaenda. Sare aliyopewa aliifumua yote na kuishona upya, kwa sababu aliyeikata hakujua kwamba wanawake wana nyonga. Tangu hapo wanafunzi walimwita Shangazi, na yeye aliwaita kwa majina ya vijiji vyao, maana majina yao yalikuwa mengi na vijiji vilikuwa vinajirudia.

Ulinzi wa siku zile ulikuwa wa kienyeji. Kijana akimwibia mwenzake, walinzi waliwakalisha kibandani, mizizi ya yangona, kinywaji cha heshima, ikapondwa, ikachanganywa na maji kwenye bakuli la mbao, kifuu cha kunywea kikazunguka, aliyekosa akaomba msamaha kwa wakubwa wa upande wa pili, makofi yakapigwa, mambo yakaisha. Hakuna aliyekuwa na haja ya polisi. Torika aliona ni jambo jema mpaka mwaka ule binti mmoja wa mwaka wa kwanza aliponyang'anywa simu na kusukumwa kwenye ngazi na binamu yake mwenyewe. Wajomba walikuja, bakuli likakaa, makofi yakapigwa. Binti alikuwa chumbani, mkono umefungwa bandeji, na hakuna aliyekwenda kumwuliza kitu. Wiki iliyofuata alirudi kwao. Torika ndiye aliyembebea begi mpaka kwenye teksi, na njia nzima binti hakusema neno.

Kwa hiyo chuo kilipofungua Ofisi ya Usalama na kumleta Bwana Suruj Pratap, polisi mstaafu wa kutoka Labasa, akiwa na utaratibu mpya, Torika alikuwa upande wake. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila tukio litolewe taarifa saa ileile, kwa redio mpya za upepo walizogawiwa. Binti wa zamu kule ofisini ataiingiza kwenye kompyuta, nayo ikishapata namba haifutiki. Kukaa na bakuli ili kumaliza kosa la jinai ni marufuku. Na mwanafunzi atakayethibitika kuiba atafukuzwa, bila mjomba wala mchungaji kuingilia. Walinzi wengine walinung'unika. Torika aliinua mkono akauliza redio inashikwaje.

Sasa kuna jambo ambalo Bwana Pratap hakulitia katika utaratibu wake, na hata angetaka kulitia asingejua aliweke wapi. Watu wa Naivilavila na watu wa Vunisalato, kule milimani, ni watani. Ni utani wa tangu mizimu ya pande zote mbili ilipokuwa ndugu, na hauna mwisho. Mtani wako anakutukana mbele ya mkweo nawe unacheka. Anaingia nyumbani kwako, anachukua kuku, mkeka, hata nguruwe, na wewe mwenye mali huna ruhusa ya kununa wala kudai. Unachoweza ni kungoja siku yako, ukamfanyie kubwa zaidi. Kumdai mtani alichochukua ni aibu ambayo wajukuu wako wataisikia.

Na pale mabwenini kulikuwa na mtu wa Naivilavila, Sireli, kijana mpole aliyesomea upimaji wa ardhi na kumwita Torika shangazi kwa haki kabisa. Na kulikuwa na mtu wa Vunisalato, Eparama, wa kwanza kutoka kijijini kwao kufika chuo kikuu, ambaye kwa ajili ya karo yake mama zake walisuka mikeka msimu mzima na kanisa zima likamsindikiza kwa maombi mpaka kwenye basi. Eparama alikuwa mrefu, na mdomo wake ulikuwa mrefu zaidi. Hakupita getini hata siku moja bila kumwita Torika mzee wa pweza. Torika naye alimwita nguruwe wa mlimani, na siku asipomwona alihisi zamu imepungua kitu.

Asubuhi moja Sireli alipita mbio kwenda kwenye mtihani. Jana yake meli ilikuwa imemletea mzigo kutoka kwao, magimbi, mkeka mpya na kaa waliofungwa kwa kamba, naye alifanya kosa la kuutangaza bwenini. Torika alikuwa bado anampungia mkono wakati aliposikia kelele nyuma yake. Aligeuka. Eparama alikuwa anashuka kutoka bwenini, godoro la Sireli kichwani, koti la kanisani la Sireli mwilini, tai ya Sireli shingoni, magimbi begani, birika mkononi, na kaa wanachezesha miguu kiunoni mwake. Nyuma yake wanafunzi walikuwa wanafuata kama maandamano.

"Mtani," Torika alisema, "mbona leo umevaa kama mtu?"

"Nipishe, mzee wa pweza. Nawahamisha. Chumba kilikuwa kinanuka samaki mpaka mende wamelalamika."

"Na hilo godoro?"

"Nalipeleka likaoge."

Torika alicheka mpaka akashika nguzo. Na kwa kuwa utani hauna raha bila mashahidi, akabonyeza redio mpya. "Geti la mabweni hapa. Mwizi anatoka. Godoro kichwani, kavaa koti la watu. Nguruwe wa mlimani kashuka."

Kutoka geti kuu akajibu Aporosa, mlinzi mwenzake wa miaka mingi. "Tumesikia. Mleteni huku, maji ya kumnyolea yamechemka."

Watu wakazidi kucheka. Eparama alipiga saluti kwa birika, akapita getini, akaelekea bweni lake ng'ambo ya njia. Wanafunzi walipita naye, mbele yake na nyuma yake, wenye mabegi na wasio na mabegi, na Torika alikuwa anafuta machozi.

Mchana Sireli alirudi. Alipanda, akashuka tena akicheka. "Shangazi, yule nguruwe kaacha kitu kweli?"

"Hajaacha hata soksi. Nimemwona kwa macho yangu."

"Sawa. Atanikoma. Nitakwenda kuchukua mpaka mlango wake." Alicheka kidogo zaidi, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. "Na laptopu ulimwona nayo?"

Torika aliligeukia geti. Alirudisha macho nyuma kwenye asubuhi ile. Godoro, aliliona. Koti, birika, kaa. Je, kulikuwa na kitu kimebanwa kwapani, chini ya koti? Koti lilikuwa limevimba, lakini Eparama ni mkubwa na Sireli ni mdogo, lisivimbe vipi? Na waliopita na mabegi walikuwa akina nani? Hakumbuki uso hata mmoja. Anakumbuka kaa.

Sireli alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kazi yake ya mwisho ya masomo imo humo. Torika akamwambia basi amwulize mwenzake. Sireli alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani. Amdai mtani? Akiwa ameichukua yeye, imekwisha kuwa yake. Na kama hakuichukua, kumwuliza ni kumwita mwizi kwelikweli. Alirudi juu kwenye chumba kisicho na godoro, na Torika akabaki getini hajui ashike lipi aache lipi.

Kabla hajajua, Bwana Pratap alikuwa amesimama mbele yake, mwavuli mkononi, uso umekunjuka. Alikuja kumpongeza. Alisema katika kazi yake yote hajapata kuona taarifa kama ile. Mtu, mzigo, geti na mavazi, na imeingia kabla hata mwenye mali hajajua ameibiwa. Mwalimu wa Sireli, aliyekwisha kuambiwa na kijana kwamba kazi imepotea, alikuwa amempigia simu kumweleza habari ya laptopu ya Sireli, naye ameziunganisha taarifa mbili chini ya namba moja. Kijana ameandikiwa wito. Akithibitika, ataondoka chuoni kabla wiki haijaisha, na barua itatangulia kijijini kwao.

"Bwana Pratap," Torika alisema, "ule ulikuwa utani."

"Upi?"

"Wa kwenye redio. Yule ni mtani wangu. Mtani wa Sireli pia."

Bwana Pratap alikunja mwavuli polepole. Hakuwa mgeni wa nchi hii. Amekulia kwenye miwa ya Labasa, ameona watani wakimwagiana maji msibani. "Utani una godoro," alisema. "Najua. Una birika. Niambie, mama, una laptopu?"

Torika hakujua. Hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote, kwamba aliulizwa swali la kazi yake na hakujua. Utani una nguruwe, nguruwe ni mali kubwa kuliko laptopu. Lakini nguruwe hana kazi ya masomo tumboni.

Zamu ilipokwisha alimfuata Eparama kwenye uwanja wa raga. Alitaka neno moja tu, ndiyo au hapana. Alisahau anazungumza na nani.

"Laptopu?" Eparama alisema. "Niliikaanga na vitunguu. Ngumu kidogo, lakini watu wa kwenu mmezoea pweza."

"Nasema kweli, Eparama."

"Na mimi nasema kweli. Kitufe kimoja kimenikwama kwenye jino."

Torika alimweleza habari ya wito. Eparama alikwisha kuupata, na aliucheka. Alidhani nao ni utani, tena akamsifu Torika kwa kupata karatasi yenye mhuri. Kila alipomsogelea kwa ukweli, kijana alirudi nyuma kwa mzaha, na kila mzaha wake Torika alijikuta anataka kuujibu, ulimi unamwasha. Mwishowe alimwita nguruwe bila kukusudia, Eparama akaondoka akicheka, na yeye akabaki chini ya mvua na swali lake mkononi. Wazee husema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Lakini wazee hao hawakuwa na watani wa Vunisalato. Wangenyamaza.

Usiku huo hakupata usingizi mzuri. Alijaribu kumfikiria Eparama kama mwizi, akashindwa. Akajaribu kumfikiria kama asiye mwizi, akashindwa pia, maana kila mara aliliona lile koti limevimba. Kisha alimwona yule binti wa mkono wenye bandeji, kimya kwenye teksi. Wale wajomba nao walikuwa na uhakika kwamba kijana wao ni mtu mwema.

Kesho yake alikuwa na mapumziko. Alikwenda sokoni akanunua fungu la mizizi ya yangona, ile mizuri, ikafungwa kwenye gazeti. Alimwomba Aporosa awe msemaji wake, kwa kuwa maneno ya namna hiyo yanataka mtu wa kuyasema. Aporosa aliguna.

"Torika, hili wametukataza."

"Wametukataza kumaliza kesi. Sitaki kuimaliza. Nataka ajibu tu."

"Kuna tofauti?"

"Sijui. Twende."

Walimkuta Eparama chumbani, amelala juu ya magodoro mawili. Alipowaona aliinuka mdomo tayari umefunguka. Kisha akaona kwamba Torika amevaa gauni la kanisani na sketi ndefu chini yake, kwamba ameketi chini kwenye mkeka bila kukaribishwa, na kwamba Aporosa ameinamisha kichwa na kuisukuma ile mizizi mbele kwa mikono miwili. Aporosa alisema kwa lugha ya zamani, taratibu, kwamba nyumba ya Naivilavila imekuja mbele ya nyumba ya Vunisalato, kwamba leo utani umeachwa nje mlangoni pamoja na viatu, na kwamba mama huyu anaomba neno la kweli.

Eparama alikaa chini. Hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Alikuwa kijana, na jambo lile ni la wazee wake. Aliitazama mizizi kwa muda, akatazama mlangoni kama anayetaka kumwita mtu mkubwa, hakuna. Mwishowe aliigusa, akapiga makofi yale mazito ya viganja vilivyokunjwa, akaipokea.

"Mtani, unanitisha," alisema.

"Leo mimi si mtani wako."

"Ndiyo kinachonitisha. Sikuichukua, mama. Nilikuta mlango wazi. Nikajua Sireli kasahau, nikasema leo ni leo. Sikuona laptopu yoyote. Meza ilikuwa tupu. Haki ya Mungu sikuona."

Aliapa, tena kwa jina la Mungu na la babu yake, na hakukuwa na mzaha hata wa kuwekea chumvi. Akauliza, sasa kwa sauti ya mtoto, kama ule wito ni wa kweli. Torika akasema ni wa kweli. Akauliza kama barua itakwenda kwao. Torika akasema ndiyo. Eparama akavitazama viganja vyake, akasema mama yake hajui kusoma, barua atasomewa na mchungaji, kanisani.

Torika alimwamini. Alitoka pale akimwamini kabisa, na alipofika kwenye ngazi akaanza kujiuliza kama amemwamini kwa sababu ya maneno yake au kwa sababu ya mama yake.

Siku ya shauri waliketi wote ofisini kwa Bwana Pratap. Sireli upande huu, Eparama upande ule akiwa amevaa lile koti la Sireli, kwa kuwa hakuwa na lingine la heshima, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa Bwana Pratap. Torika alikaa katikati. Alikuwa amejiandaa kusema mambo mawili, na yote mawili yalimtoka kichwani alipoulizwa la kwanza.

"Mama Torika. Ulimwona kijana huyu akitoka na laptopu?"

"Sikumwona nayo."

"Ulimwona akitoka bila laptopu?"

Torika alifikiri. Angeweza kusema ndiyo tu. Neno dogo, na kijana angebaki chuoni.

"Hilo pia sikuliona," alisema. "Nilikuwa nacheka. Niliona godoro na kaa, basi. Waliopita nyuma yake na mabegi sikuwatazama hata mmoja. Angepita mtu na kitanda nisingejua. Andika hivyo, kwamba mlinzi alikuwa anacheka."

Bwana Pratap hakuandika. Aliuliza kama amezungumza na mtuhumiwa tangu siku ile. Torika akasema ndiyo, na akasema pia habari ya mizizi, kwa sababu kuificha kungekuwa jambo jingine la kukumbuka, naye alikwisha kuchoka kukumbuka. Aporosa hakumtaja. Nje ndege walikuwa wanagombana kwenye paa.

"Mama," Bwana Pratap alisema, bila ukali, "unamkumbuka yule binti wa kwenye ngazi? Nimesoma habari zake. Waliketi na bakuli vilevile. Nieleze hii ya kwenu ina tofauti gani, nami nitafurahi."

"Namkumbuka. Begi lake nilibeba mimi." Torika alisugua magoti. "Tofauti siijui vizuri. Labda yule binti hakuulizwa. Huyu yuko hapa. Mwulize."

Bwana Pratap akamgeukia Sireli. Alimwuliza kama anamshtaki Eparama kwa kuchukua laptopu yake.

"Siwezi kumshtaki mtani wangu," Sireli alisema.

"Huwezi, au hutaki?"

Sireli alitazama dari. Alitazama koti lake kwenye mwili wa mwenzake. "Mzee, hapo umeniuliza vitu viwili na mimi ninacho kimoja."

"Unaamini aliichukua?"

"Nilidhani nimefunga mlango. Yeye anasema ulikuwa wazi. Nilikuwa nakimbilia mtihani. Godoro ni lake sasa. Kaa amewala. Ya laptopu sijui. Naomba mnitafutie aliyeichukua. Kama ni yeye, msiniambie."

Bwana Pratap alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Alisema amekaa na wauaji waliokuwa na maelezo yaliyonyooka kuliko haya. Halafu aliamua, na ilionekana hakuupenda uamuzi wake. Laptopu imeibwa na mtu asiyejulikana, na uchunguzi unaendelea. Bila shahidi, hawezi kumfukuza mtu. Eparama abaki. Ile taarifa ya mwizi mwenye godoro haifutiki, kwa hiyo itakaa na maelezo chini yake kwamba mlinzi alitumia redio ya kazi kwa utani na baadaye akaongea na mtuhumiwa kinyume cha utaratibu. Kwa hayo, mlinzi anapewa onyo na kuondolewa geti la mabweni.

Eparama aliinuka aseme kitu, lakini Torika alimtazama, akakaa.

Walimhamishia kwenye maegesho ya magari, nyuma ya maabara. Kule kibanda ni kidogo, na magari hayana vijiji. Torika alifagia, akatundika mwavuli, akaweka bakuli lenye mfuniko wa buluu kwenye rafu. Habari za mabwenini zilimfikia kwa Aporosa. Kwamba Sireli aliongezewa muda na mwalimu wake na anaandika upya kwenye maktaba. Kwamba juzi tu Sireli aliingia chumbani kwa Eparama akachukua magodoro yote mawili, pazia na balbu, na bweni zima lilicheka. Torika alifurahi kusikia hivyo. Mtu hamchukulii balbu mtu anayemshuku. Au ndivyo hasa anavyofanya? Alifikiria hilo zamu nzima.

Laptopu haikupatikana.

Eparama njia yake ya darasani ilipita kwenye maegesho. Siku ya kwanza Torika alimwona kwa mbali, akajiweka sawa, akachagua tusi zuri. Kijana alipofika alivua kofia.

"Bula, Mama," alimwamkia, akainamisha kichwa kama wanavyoinamishiwa wake za wachungaji, akapita.

Torika alibaki na tusi lake mdomoni. Ikawa hivyo kila siku. Bula, Mama, kofia mkononi, macho chini. Hakujua kama ni shukrani, kwa kuwa alimwokoa, au aibu, kwa kuwa mbele ya Bwana Pratap hakukubali kusema kwamba alimwona bila laptopu. Pengine ni lile neno lake mwenyewe, leo mimi si mtani wako, ambalo hakuna aliyemwambia jinsi ya kulirudisha. Kuna maneno ya kuuacha utani mlangoni. Aporosa hakuyajua ya kwenda kuuchukua, wala mtu mwingine aliyemwuliza. Na lilimjia wazo, akilifukuza linarudi, kwamba mwenye hatia ndiye huwa na adabu namna hiyo.

Asubuhi moja yenye mvua nyembamba Eparama alipita kama kawaida na wenzake. Bula, Mama. Torika akaitika. Gari la mwalimu mmoja lilikuwa limezima katikati ya njia, akaenda kusaidia kulisukuma, na vijana nao wakasukuma, kukawa na kelele na matope. Aliporudi kibandani njaa ilikuwa imemshika. Alinyoosha mkono kwenye rafu.

Bakuli halikuwapo. Aliinama chini ya meza, akatazama nyuma ya mlango. Mwavuli upo. Pochi ipo. Bakuli la mfuniko wa buluu, na magimbi yake, na samaki wa kopo ndani, halipo.

Kicheko kilianza kumpanda kutoka tumboni, kikafika kifuani, hapo kikasimama. Alitoka mlangoni akatazama njia ya darasani. Wanafunzi walikuwa wengi, miavuli mingi, migongo mingi. Mmoja mrefu kule mbele alionekana kama mabega yanamtikisika, lakini labda alikuwa anakohoa. Na mtu yeyote aliweza kuingia kibandani wakati ule. Mlango haukufungwa. Na taratibu zinasema kila tukio, saa ileile.

Torika alichukua redio. Akaiweka mezani. Akaichukua tena, akaweka kidole kwenye kitufe bila kubonyeza, akasimama hivyo mlangoni, tumbo likimnguruma, akijaribu kujua kama ameibiwa.